Kaimu wa Kuamka

Nchi hii haipo. Nimeitafuta mwenyewe kwenye ramani, na mahali ilipopaswa kuwa nimekuta doa la mafuta ya sambusa. Kwa hiyo msomaji akijiona humu, au akimwona mkubwa wake wa kazi, ajue macho yake yana kasoro, akapime.

Katika nchi hiyo isiyokuwepo, Mtukufu Kiongozi alisafiri ng'ambo, na kwenye ndege akasoma nusu ya kitabu kilichosahauliwa na abiria mwingine. Kitabu kilisema kwamba watu waliofanikiwa huamka mapema, hunywa maji, hukimbia, na huandika kwenye daftari mambo matatu wanayoyashukuru. Nusu ya pili, iliyoeleza kwamba baada ya hayo mtu huenda kufanya kazi, Mtukufu hakuifikia, kwa sababu ndege ilitua.

Wiki ile ile ikaundwa Wizara ya Mazoea Mema. King'ora kikawa kinalia saa kumi na moja alfajiri, na kila raia alitakiwa asimame wima, anywe bilauri mbili za maji ya uvuguvugu, akimbie hadi ofisi ya kata, ashukuru mara tatu kwa maandishi, kisha agongewe muhuri kwenye Kitabu chake cha Mazoea. Foleni ya muhuri iliisha saa saba mchana. Mafundi cherehani walikuwa foleni, wauguzi walikuwa foleni, walimu walikuwa foleni na wanafunzi wao walikuwa kwenye foleni ya pili wakiwapungia mikono. Mwisho wa mwaka Wizara ikatangaza kwamba uzalishaji umepanda mara nne. Wenye njaa walishangaa kidogo, wakaelezwa kwamba uzalishaji siku hizi unapimwa kwa mihuri.

Waziri wa Mazoea Mema alikuwa Mheshimiwa Dakta Masumbuko Pongwa, mtu mwenye sauti ya kuhutubia hata anapoomba apitishiwe chumvi. Kitabu chake cha Mazoea kilikuwa safi kuliko vyote nchini. Hakikukosa muhuri hata mmoja, na redio ilikisoma kila Jumatatu ili wananchi waone wivu wa maendeleo. Naye Mheshimiwa alikuwa akilala hadi saa nne.

Msomaji mgeni atauliza inawezekanaje. Anauliza kwa sababu hajui desturi ya kukaimu. Tangu enzi za majumbe, mkubwa wa nchi hiyo hafanyi jambo lenye usumbufu. Humteua kaimu, na akishafanya kaimu, mkubwa amefanya. Jumbe mmoja wa zamani aliumwa jino, akang'olewa mtumishi wake. Jumbe akatangaza kuwa amepata nafuu, na mtumishi naye akatakiwa aseme hivyo hivyo. Serikali ilipokuja, desturi ikaingia ofisini pamoja na viti.

Basi Mheshimiwa Pongwa alikuwa na Kaimu wa Kuamka, Kaimu wa Kunywa Maji, Kaimu wa Kukimbia na Kaimu wa Kushukuru. Huyu wa mwisho aliandika kila siku maneno yale yale: "Nashukuru kwa uhai. Nashukuru kwa taifa. Nashukuru kwa Mheshimiwa Waziri, yaani mimi."

*

Bi Sikudhani hakuwa na kaimu. Alikuwa na mume.

Mume huyo, Mbaraka, alikuwa mlinzi wa usiku, na kwa miaka kumi na mmoja alilinda geti la Mheshimiwa Pongwa huyo huyo, kuanzia enzi zile Mheshimiwa alipokuwa waziri wa mambo mengine yasiyofanyika. Alikaa kwenye kiti chenye miguu mitatu na tofali moja, amevaa sweta la kahawia alilofumiwa na mkewe, viwiko vimeshonewa viraka kwa uzi wa bluu. Saa moja asubuhi alirudi nyumbani, akanywa uji, akalala hadi alasiri. Ndoa yao ilikuwa na masaa machache ya kuonana, nao waliyatumia vizuri kwa kutaniana.

Jumanne moja, saa tatu asubuhi, Wakaguzi wa Mazoea waliingia bila hodi wakamkuta Mbaraka kitandani, kinywa wazi, anakoroma kwa haki yake.

"Amka wewe," alisema Mkaguzi Kitunga, ambaye muhuri ulimning'inia shingoni kama kengele ya mbuzi. "Ni saa tatu."

"Nimetoka lindo, bwana mkubwa. Nimekesha."

Kitunga alipekua fomu yake mbele na nyuma. "Hapa kuna kisanduku cha asubuhi, cha mchana na cha jioni. Cha usiku hamna."

"Lakini usiku upo," alisema Sikudhani.

"Kwenye fomu haupo, mama."

Mbaraka akaandikwa Mvivu Sugu, akapelekwa miezi sita katika Kambi ya Kujijenga ya Kisokoto. Kule wakazi walizunguka uwanja mbio tangu kuche hadi jua lizame, na kila aliyesinzia aliongezewa mwezi mmoja. Sasa, mwili uliolala mchana kwa miaka kumi na mmoja haujui kusoma matangazo. Mbaraka alisinzia kwenye mstari, alisinzia akinywa maji, alisinzia akishukuru. Mwezi wa kwanza ulipoisha alikuwa amelimbikiza miaka miwili. Akamwandikia mkewe barua: "Mama Zuwena, hapa nakimbia nikiwa nimelala. Mguu wa kushoto umevimba. Nikizimia, wanaandika nimesinzia. Sijui kama nitafika mwaka. Nitumie sweta, asubuhi huku baridi inauma."

Sheria ilisema mtu hutoka Kisokoto kwa njia mbili: kumaliza siku zake, au kwa saini ya Waziri. Sikudhani hakuwa mtu wa hesabu kubwa, lakini aliona kwamba siku za mumewe zilikuwa zinaongezeka haraka kuliko zinavyopungua. Akachukua sweta, akaenda kwa Waziri.

Mheshimiwa alitokea barazani saa nne na nusu, amevaa nguo za kulalia za hariri, alama za mto bado ziko shavuni. Mbele yake kulikuwa na chapati na maini.

"Mume wako ndiye nani?"

"Mbaraka, Mheshimiwa. Anayekulinda ukiwa umelala."

"Mimi silali, mama. Kitabu changu kina mihuri yote." Akachovya chapati kwenye mchuzi. "Huyo mumeo amekamatwa amelala saa tatu asubuhi. Unajua maana yake? Jua ni mali ya umma. Mtu anayelala mchana anaiba jua la taifa."

"Mguu umevimba, baba. Nakuomba saini tu. Au basi apelekewe hili sweta."

Mheshimiwa alilishika sweta kwa vidole viwili, akaliangalia mbele na nyuma, akacheka. Kisha akamrushia dereva wake. "Futa kioo cha gari," alisema, "halafu mpeleke mama getini. Saa yangu ya kutafakari imefika."

Sikudhani alisimama akitazama vile viraka vya uzi wa bluu vikipanda na kushuka kwenye kioo. Hakulia. Alichukia. Alichukia taratibu, kama mtu anayewasha jiko la mkaa asubuhi akijua kitoweo ni cha jioni. Dereva alipolitupa sweta chini, aliliokota, akalikunja, akarudi nalo nyumbani.

*

Kisasi, kama mimba, hakijifichi milele, ila mwanzoni hakuna anayekijua isipokuwa mwenyewe. Sikudhani alikaa nacho wiki tatu bila kujua pa kukiweka. Siku ya kwanza ya wiki ya nne alinunua karanga.

Ofisi za serikali ya nchi hiyo zilikuwa na mazoea ya kuuza karatasi zao kuukuu kwa wauza karanga. Jalada la siri lililofungwa saa nane mchana, saa kumi lilikuwa limefungia vitumbua. Wananchi walijua mengi ya serikali yao kwa njia hiyo, ingawa kwa vipande. Karanga za Sikudhani zilifungwa katika ukurasa wa Kanuni za Utumishi, na alipozimaliza akasoma:

"Kanuni ya 41. Kaimu atakayetekeleza wajibu wote wa mkuu wake kwa siku tisini mfululizo, bila mkuu huyo kuutekeleza mwenyewe hata mara moja, atathibitishwa katika cheo hicho, na mkuu atahesabiwa kuwa..." Hapo palikuwa na doa la mafuta.

Alisoma mara tatu. Kisha akakumbuka jambo ambalo Mbaraka alikuwa akilisimulia wakicheka. Kila baada ya miezi mitatu, Katibu wa Mheshimiwa alimletea barua getini: kesho alfajiri mgongee Mheshimiwa dirisha mpaka aamke. Mbaraka alikuwa akigonga kama anavunja. Mheshimiwa alitoka analaani, akanywa bilauri mbili, akakimbia hadi getini, akashukuru, akarudi kulala miezi mingine mitatu. Mume na mke walidhani ni wazimu wa wakubwa.

"Kumbe," alisema Sikudhani peke yake jikoni. Alikunja ile karatasi, akaitia kwenye mfuko wa sweta.

Ikabaki kuupata ukaimu wenyewe, na huo ukaja wenyewe. Siku moja Kitabu cha Mheshimiwa kilikosa muhuri. Wizara nzima ikatetemeka, ikafanya uchunguzi. Ikagundulika kwamba Kaimu wa Kuamka alikuwa amechoka kuamka, akateua kaimu wake, naye akateua kaimu wake, mpaka mwisho wa mnyororo wakamkuta bibi mmoja wa uswahilini aliyekuwa amefariki miezi miwili iliyopita. Miezi miwili hiyo mihuri ilikuwa inagongwa kwa mazoea tu. Kasoro pekee ni kwamba siku ile karani wa muhuri naye alikuwa amekaimiwa na mtu mwaminifu.

Tangazo likatoka. Sikudhani akaenda kwenye usaili.

"Una elimu gani?" aliuliza Katibu, Bwana Hiza, mtu mwembamba aliyehesabu kila kitu.

"Naamka."

"Saa ngapi?"

"Saa kumi. Mume wangu alikuwa anarudi saa moja, anakuta uji."

Bwana Hiza alimtazama kwa heshima ambayo hata wanadigrii hawakuipata. Akampa kazi. Sikudhani aliomba jambo moja tu: barua yenye muhuri, jina na tarehe. Alipewa, maana katika nchi hiyo barua ni rahisi kuliko mkate.

Mwezi ule ule makaimu wengine watatu wakaanza kumnyemelea. Wa Kukimbia alikuwa na goti. Wa Kunywa Maji alikuwa amechoka kwenda msalani kwa niaba ya serikali. Wa Kushukuru alikuwa ameishiwa.

"Dada, huwezi kunishikia kidogo?"

"Kwa barua," alijibu Sikudhani.

Wakampa barua. Akawa anaamka, anakunywa, anakimbia na kushukuru, vyote kwa jina la Mheshimiwa Pongwa. Na mimi sipendi kuficha: mazoea yale yalimfaa. Pumzi ikafunguka, miguu ikakaza, kichwa kikawa chepesi. Kumbe ile nusu ya kitabu ilikuwa kweli, isipokuwa iliangukia watu wasiostahili. Kila alfajiri, tangu barua ya nne, alikimbia akihesabu: thelathini na moja, thelathini na mbili. Na kwenye daftari la shukrani aliacha maneno ya zamani, akaandika yake: "Nashukuru Mbaraka bado hai. Nashukuru mlango wa Mheshimiwa umefungwa. Nashukuru ana usingizi mzuri." Hakuna aliyesoma. Yalikuwa na muhuri.

*

Siku ya themanini na nane Bwana Hiza aliingia ofisini kwa Waziri na kalenda.

"Mheshimiwa, keshokutwa kaimu wako anatimiza tisini. Itabidi uamke kidogo."

"Tena?" Mheshimiwa alifunga macho kwa uchungu. "Nchi hii ina sheria ngumu. Sawa. Mlinzi anigongee, kama siku zote."

Bwana Hiza aliandika barua kwa Mlinzi wa Zamu, akaitia muhuri wa haraka, akaikabidhi kwa tarishi. Hakukumbuka kwamba Mlinzi wa Zamu alikuwa Kisokoto akizunguka uwanja. Mlinzi mwingine hakuajiriwa. Fomu ya kuombea mlinzi wa usiku ilirudishwa mara mbili kwa kukosa kisanduku cha usiku. Tarishi alifika getini kesho yake jioni, akakuta kiti chenye miguu mitatu na tofali. Kazi yake ilikuwa kupeleka barua mahali, si kwa mtu. Akaiweka kwenye kiti, akaikandamiza kwa jiwe.

Alfajiri ya siku ya tisini Sikudhani alipita hapo akikimbia. Aliiona barua. Aliinua jiwe, akasoma mpaka mwisho, pamoja na nakala kwa nani na nani. Dirisha la Mheshimiwa lilikuwa hatua sita tu kutoka hapo, na mkoromo ulisikika. Sikudhani aliirudisha barua kwenye kiti, akaweka jiwe juu yake pale pale lilipokuwa, akaendelea kukimbia. Alifika ofisi ya kata akiwa wa kwanza, akagongewa.

Saa mbili kamili alisimama mbele ya Tume ya Uthibitisho na barua nne, mihuri tisini, na karatasi ya karanga.

Tume ilikuwa na watu watano, na wote, bila hata mmoja kubakia, walikuwa makaimu. Kaimu Mwenyekiti, mama mwenye miwani mizito, alisoma Kanuni ya 41 kwa kuifuata na kidole.

"Sikuwahi kuiona hii," alisema polepole. "Tuliambiwa Kanuni zinaishia arobaini."

"Zilikuwa na karanga," alisema Sikudhani.

"Na Mheshimiwa mwenyewe hakuamka hata siku moja?"

"Muulizeni."

"Yuko wapi?"

"Amelala."

Kisha Kaimu Makamu akamwinamia mwenzake, akamnong'oneza: "Wewe leo ni siku ya ngapi?"

"Themanini na saba," alijibu yule.

Sijapata kuona kikao cha serikali kikienda haraka namna ile. Walinyang'anyana kalamu. Walisaini wote watano kabla wakubwa wao hawajaamka, na Kaimu Mwenyekiti akaitaka ile karatasi ya karanga ipigwe chapa nakala mia mbili.

*

Saa tatu asubuhi Waziri mpya wa Mazoea Mema, Mheshimiwa Sikudhani binti Mwalimu, aliingia bila hodi nyumbani kwa mtangulizi wake, akiongozana na Mkaguzi Kitunga. Walimkuta kitandani, kinywa wazi.

"Amka wewe," alisema Kitunga, kwa mazoea. Kisha alipoona ni nani, akarudi nyuma hatua mbili. Sikudhani akamtazama, akasogea mbele hatua hizo hizo.

"Ni nini hiki?" alisema Pongwa. "Mlinzi yuko wapi? Nilisema nigongewe."

"Mlinzi wako yuko Kisokoto," alisema Sikudhani. "Ulimpeleka wewe."

Pongwa aliketi, akakusanya shuka, akajaribu ile sauti yake ya kuhutubia. "Ndugu zangu, mimi usiku kucha nilikuwa nalifikiria taifa. Nimekesha."

Sikudhani alimpa Kitunga ishara ya kidevu. Kitunga akapekua fomu, mbele na nyuma, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake alionekana kuifurahia.

"Kisanduku cha usiku hamna," alisema.

"Mama," alisema Pongwa, sasa kwa sauti ya mtu wa kawaida, "wewe ni mwanamke mwenye huruma. Nakujua. Ulikuja kwangu na lile... lile vazi."

"Jua ni mali ya umma, Dakta. Mtu anayelala mchana anaiba jua la taifa."

Akatolewa, safari ya Kisokoto. Mke wake alimkimbilia na blanketi zito la sufu, maana alikuwa amesikia habari za baridi ya kule. Sikudhani alilipokea kwa vidole viwili, akaliangalia mbele na nyuma. Kisha akamrushia dereva. "Futa kioo cha gari," alisema. Dereva alifuta, na safari hii alifuta mpaka kioo kikalia.

Kisokoto walifika mchana. Karatasi ya kwanza aliyoisaini Sikudhani, akiwa ameegemea boneti, ilikuwa ya Mbaraka. Alitoka akichechemea, amekonda mpaka masikio yalionekana makubwa, akasimama mbele ya mkewe akimtazama kana kwamba na huo nao ni usingizi. Sikudhani alimvalisha sweta. Alikuwa amelifua mara nne.

"Mama Zuwena," alisema Mbaraka, "umefanyaje?"

"Nimeamka mapema."

Alicheka mpaka akashika nguzo ya geti. Kisha akageuka nyuma, akaonyesha uwanjani. "Na wale? Yule mrefu anachoma mikate. Yule mama ni mkunga. Wale watatu ni madereva wa malori. Wote kosa letu moja, tulifanya kazi nyie mmelala."

Sikudhani alikuwa amekuja kwa ajili ya mtu mmoja, na hasira yake ilikuwa na jina moja. Lakini wino ulikuwa bado upo. Akasaini wote, mia tatu na kumi na wawili, mpaka mkono ukafa ganzi. Kisha akasaini karatasi ya mwisho, ambayo wanasheria wa nchi hiyo hadi leo wanaifundisha: Sheria ya Mazoea Mema inafutwa nchi nzima, isipokuwa itaendelea kutumika kwa wakazi wa Kambi ya Kisokoto, chumba namba kumi na nne.

Chumba namba kumi na nne kina mkazi mmoja. Wakufunzi hawakuachishwa kazi, maana serikali inajali ajira. Wako arobaini, na kila mmoja ana filimbi. Mwezi wa kwanza mkazi huyo alisinzia mara ishirini na sita. Aliomba kwa maandishi ateue kaimu, na Wizara, kwa kuheshimu desturi, ikamkubalia mara moja. Tangazo lilibandikwa getini: Anatakiwa Kaimu wa Kukimbia, sifa yoyote. Limeliwa na mchwa mara mbili, likabandikwa tena.

Mbaraka siku hizi analinda geti la Wizara. Saa moja asubuhi anarudi, anakunywa uji, analala, na Waziri anachelewa ofisini kwa makusudi, amekaa mlangoni kwenye kigoda, akimtolea macho kila anayepita akiongea kwa sauti. Watu wengine husema amezidi, kwamba mwaka mmoja ungetosha, kwamba Dakta Pongwa sasa ni mzee na mguu wake wa kushoto umevimba. Mimi sina elimu ya mambo hayo. Ninachojua ni kwamba anakimbia.